Tupeane uzoefu: moshi wa sigara wa jirani waingia kwako, ulifanyaje?

Mama wa Tudor

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Nimekaa na jambo hili miezi minne. Leo naliweka hapa kwa sababu najua siko peke yangu.

Nakaa Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, fleti ya vyumba viwili. Chini yangu kuna mzee mmoja mstaarabu sana. Ukipanda na mtungi wa gesi atakupokea, mtoto akianguka ngazini yeye ndiye wa kwanza kumwinua. Lakini avuta. Sigara ya kwanza ni alfajiri, ya mwisho ni saa sita usiku, na zote azivutia kwenye roshani yake, ambayo iko chini kabisa ya dirisha la chumba cha watoto. Dirisha lenyewe ni la luva, vile vioo vya kulaza. Hata ukivifunga vyote, yabaki nafasi ya kupitisha kidole.

Mwanangu wa pili ana miaka sita na ana pumu. Usiku mmoja nilimkuta amekaa kitandani, mabega yamepanda, kifua kinapiga filimbi, na chandarua chanuka sigara kana kwamba mtu ameingia nayo ndani. Nikampa dawa yake ya kuvuta, nikakaa naye sebuleni feni ikizunguka mpaka adhana. Siku ile niliona kunyamaza kumekwisha.

Joto letu mwalijua. Mwezi wa tatu, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, ukifunga madirisha unajipika mwenyewe. Ukifungua, moshi huo. Sasa mtu ambaye hajanikosea kwa lingine lolote nitamwambia vipi? Walionitangulia, nipeni yaliyowatokea wenyewe, yaliyofaa na yaliyoharibu.

Binti Kibokoni

Pole sana mama, na mtoto Mungu amjalie afya.

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Kwetu nyumba zatazamana, uchochoro mwembamba, ukipiga chafya jirani akuombea. Kijana wa ng'ambo alikuwa avuta dirishani usiku akitafuna miraa, moja yamwashia nyingine, na moshi ukivuka unakuja moja kwa moja kwenye kitanda cha mamangu, ambaye kifua chake si kizuri tangu zamani. Siku moja nikashindwa, nikafungua dirisha nikamkemea mbele ya watu waliokaa barazani.

Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Dada, na udi wenu wa kila Alhamisi? Mamangu ndani akohoa, hatujawahi kuwaambia."

Nilifunga dirisha sina la kusema. Chetezo chetu twakiweka pale pale dirishani ili harufu ipite nyumba nzima, na kumbe ilipita mpaka kwao. Makaa, udi na ubani ni moshi pia, na kifua kibovu hakichagui cha sunna na cha dukani.

Kesho yake nilikwenda kwao kwa mlango. Tukakubaliana mimi chetezo nikipeleke chumba cha nyuma na nisizidishe, yeye akavutie juu darini, upande unaotoka upepo wa bahari. Ni mwaka wa tatu sasa. Mama, kabla hujashuka kwa mzee wako, tazama kwanza nyumbani kwako kama kuna kinachomsumbua yeye: udi, watoto kukimbia, maji ya kudekia yakimwagikia nguo zake. Ukikiri chako, chake atakipokea.

Kijana wa Mtopanga

Mimi niwape cha kuharibu. Nilipiga picha vipisi vya sigara ngazini nikavitupa kwenye grupu la WhatsApp la jengo, bila jina, lakini kila mtu alijua ni mlango gani. Ndani ya dakika kumi watu arobaini wameona. Jamaa hakujibu neno. Kuanzia siku hiyo akawa avuta mlango ukiwa wazi, hatujasalimiana miezi sita, na mwisho mimi ndiye niliyehama. Msianze na grupu. Hilo tu.

Fundi wa Bamburi

Nafanya kazi ya mabomba na AC miaka kumi na saba, kisiwani na huku bara ya kaskazini. Hebu niongee na jengo, maana watu wote hapa waongea na jirani.

Moshi haupiti unakodhani. Majengo yetu mengi yana lile shimo la hewa katikati, ambako madirisha madogo ya bafu na jikoni yafungukia. Shimo hilo lafanya kazi kama bomba la moshi. Hewa yenye joto hupanda, kwa hiyo anayevuta bafuni ghorofa ya kwanza mwamsikia ghorofa ya nne, na wa pili hasikii kitu. Nimeona watu wagombana na jirani wa ukuta mmoja kumbe mvutaji yuko chini kabisa.

Jambo la pili ni feni za kutoa hewa. Ukiwasha ile ya jikoni yatoa hewa nje, na hewa iliyotoka lazima ijazwe na nyingine. Madirisha yakiwa yamefungwa, itavutwa chini ya mlango wa ngazini, kwenye tundu la waya, kwenye sakafu pale bomba la sinki lilipotobolewa na fundi akaacha pengo. Yaani wewe mwenyewe wauvuta moshi wa jirani uingie kwako.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri wakati anaovuta. Zima feni zote. Washa kijiti kimoja cha udi, kipeleke polepole kila mahali: chini ya mlango, kwenye soketi, pembeni mwa mabomba chini ya sinki, dirisha la bafu. Pale ambapo moshi wa kijiti walalia ndani, kama mtu anaupuliza, ndipo tundu lako lilipo. Kisha washa feni ya jikoni urudie. Utashangaa.

Mapengo ya mabomba yazibe kwa silikoni. Mlango utie ule mpira wa chini. Ukiwa na feni ya kutoa hewa, ukiiwasha fungua dirisha la upande ambao hakuna mvutaji, ivute hewa kutoka huko.

Na AC isikudanganye. Zile za ukutani tulizonazo wengi huzungusha hewa ile ile ya chumbani, haziingizi mpya wala hazitoi moshi. Mashine za kusafisha hewa zenye kichungi cha HEPA hunasa chembe, lakini gesi na harufu zataka kichungi cha makaa, nacho chajaa na kuhitaji kubadilishwa. Ni msaada, sio dawa.

Muuguzi, Changamwe

Naunga mkono la fundi kuhusu mashine. Mganga Mkuu wa Marekani alitoa ripoti mwaka 2006 iliyosema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara wa mtu mwingine kilicho salama, na kwamba kufungua madirisha au kusafisha hewa hakuondoi hatari yote. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zajulikana kusababisha saratani. Watoto huumia zaidi: pumu, masikio, maambukizi ya kifua. Watoto wa pumu nawaona kazini kila wiki, na swali langu la kwanza kwa mzazi huwa: nani anavuta karibu na anapolala? Mara nyingi jibu ni "hakuna", halafu mama afikiri kidogo, asema "labda jirani".

Kuhusu sheria, wengi hudhani ni kwenda kituoni tu. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuvuta mahali pa umma. Mtu aliye ndani mwake au kwenye roshani yake, hapo sheria hiyo haikusaidii sana. Katiba ya 2010, ibara ya 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, lakini kuifikisha mahakamani kwa sababu ya roshani moja ni safari ndefu.

Kama fleti ni za kununua, mambo ni afadhali. Chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, wamiliki wa jengo huwa na shirika lao, nalo laweza kuweka kanuni za jengo. Kanuni ya kutovuta ngazini, kwenye lifti na kwenye shimo la hewa yaweza kupitishwa mkutanoni. Wapangaji, kimbilio lenu ni mkataba na mwenye nyumba. Baraza la kodi za nyumba msilitegemee, maana lahusika na nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na fleti ya bei hiyo leo utaipata wapi?

Mvutaji wa Ganjoni

Nimesoma yote, na mimi ndiye mnayemzungumzia. Navuta tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Nataka mama wa Tudor ajue kitu kimoja: anayevuta hasikii harufu yake. Pua imezoea. Mimi nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba nikisimama roshani moshi wachukuliwa na upepo, wenda baharini, basi. Ramadhani ndiyo nilikuwa mbaya zaidi. Kutwa nzima sijavuta, adhana ya magharibi ikilia ni tende tatu, maji, halafu sigara mbili mfululizo ngazini, wakati ambapo wenzangu wako mezani na milango wazi kwa joto.

Jirani yangu wa juu, bi mmoja mtu mzima, alishuka siku ya kumi ya mfungo na sahani ya mahamri na mbaazi. Akaniambia, "Mwanangu, nashindwa kufuturu. Nikitia tonge mdomoni naonja sigara." Hakusema acha. Hakunisomea hadithi ya mapafu, maana hiyo naijua kuliko yeye, hata babangu alikufa nayo. Alinieleza tu tonge lake lilivyo. Nililala na neno hilo.

Tangu hapo navutia chini, nyuma ya tangi la maji, na kopo la kutia vipisi nimeliweka mwenyewe. Kutoka sigara ishirini nimefika saba, kwa sababu kushuka ghorofa nne kila mara kwachosha. Nimeanza na chingamu za nikotini. Namba 1192 ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nilipiga mara moja, ni ya bure, na walinisikiliza vizuri. Sijamaliza safari.

Mwambie mzee wako kuhusu mtoto. Mwambie saa na mahali. Usimwambie yeye ni mtu wa aina gani.

Bi Mkubwa, Kizingo

Nina jengo dogo la fleti sita, nimeachiwa na marehemu mume wangu. Miaka miwili sasa mikataba yangu yote ina mstari wa kutovuta ndani wala ngazini, na juu ya paa nimetia benchi na mwavuli kwa wanaovuta. Bila ya benchi mstari ule usingefanya kazi, mtu lazima umwonyeshe pa kwenda.

Nilijifunza kwa hasara. Mpangaji mmoja alihama baada ya miaka mitano, kuta za sebule zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tukapaka nyeupe mikono miwili, baada ya wiki madoa ya manjano yakatoka tena na harufu nayo. Fundi akaja kunieleza kwamba kuta zaoshwa kwanza kwa sabuni, kisha zapakwa rangi ya kuzuia madoa, ndiyo nyeupe ifuate. Mapazia na zulia nilitupa. Wenye nyumba wenzangu, ukiwaambia habari ya afya hawatasikia, waambie hesabu ya kupaka upya.

Mama wa Tudor

Wiki tatu zimepita, narudi na habari. Shukrani kwenu wote, na Mvutaji, Mungu akufanyie wepesi.

Nilianza na kijiti cha udi. Fundi, ulisema nitashangaa. Dirishani kiliegemea kidogo tu. Lakini nilipokipeleka chini ya sinki la jikoni, pale bomba linapoingia sakafuni, moshi ulilala ndani kabisa. Pengo la kuingia vidole viwili, nyuma ya ndoo, miaka yote hiyo sijaliona. Mzee huvuta pia jikoni kwake akingoja chai ichemke. Ndiyo ile ya alfajiri.

Kisha nikashuka, baada ya alasiri, mimi na mume wangu, na vitumbua. Nikaanza na langu kama alivyosema Binti Kibokoni: nikamwomba radhi kwa watoto kuburuta viti usiku. Akacheka, akasema ni kweli wamsumbua. Ndipo nikamweleza usiku ule wa filimbi kifuani. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Ni huyu mdogo anayenisalimia shikamoo babu?" Nikamwambia ndiye.

Sigara za usiku sasa azivutia kwenye paa. Ya alfajiri bado, goti lamsumbua na ngazi ni nyingi, na mimi sikumlazimisha. Tumekubaliana avutie roshani ya mbele, sio jikoni, na mimi luva za watoto nazifunga kabla ya kulala, nazifungua saa moja asubuhi. Mtoto ameamka na kifua mara moja tu katika wiki hizi tatu, na siku hiyo alikuwa na mafua.

Fundi, swali moja. Lile pengo nimelijaza vitambaa kwa sasa, na Jumamosi kuna kijana aja kuziba. Silikoni ni ile ya kawaida au kuna ya jikoni?

Fundi wa Bamburi

Omba ya bafu na jikoni, ile isiyoota kuvu. Pengo la vidole viwili ni kubwa, mwambie ajaze povu kwanza, likauke, alikate, ndiyo silikoni juu. Na pawe pakavu, asipake pakiwa na maji.

Mama wa Tudor

Nimeandika. Ahsante.