Watoto wa marehemu wanauliza baba yao alikuwaje internati. Niandike nini?

BidoNjano, Kadutu

Wapenzi, naomba mawazo. Tuko na grupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa zamani wa internati (shule ya bweni) moja ya hapa Bukavu, Kongo. Mwenzetu amefariki, na watoto wake wanakusanya kumbukumbu za kusoma siku ya kumaliza matanga. Kila mtu anaandika "alikuwa mpole, alipenda mpira". Mpole? Mimi nililala kitanda cha chini yake.

Nilikuja likizo kwa bibi mwaka wa 1998. Tarehe 2 Agosti vita ya RCD, waasi waliompinga Rais Kabila, ikaanza, wazazi wako Lubumbashi upande wa serikali, njia zikafungwa. Mjomba akaniingiza internati. Mle ndani mwenye sanduku la sukari, karanga na maziwa ya unga ndiye mtu. Asiye na kitu alibeba maji na kuosha sahani za wengine. Marehemu alikuwa kapita (kiongozi) wa bweni. Aliniita "Mtoto wa Kabila", na bido (dumu) ya maji ikichelewa alisema atanipeleka kwa basoda (askari) wamwone mpelelezi. Nilikuwa na miaka 12, nikaamini.

Habari za nyumbani zilipitia Msalaba Mwekundu: karatasi moja, mambo ya familia tu, na haifungwi, wakubwa wa pande zote waweze kuisoma. Siku moja marehemu akaniletea yangu. Mama yako amejifungua mapacha, wanaume wote wawili, wazima. Nikasoma kwa sauti bweni zima lisikie. Kufika kwenye majina, ni jina la mpishi wetu na jina la mbwa wake. Watu walicheka mpaka wakashuka vitandani. Karatasi tupu aliipata mjini, mwandiko ulikuwa wake.

Februari 2000 Askofu Mkuu Kataliko akazuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo, na shule zikafungwa kwa kupinga. Wa mjini wakaenda kwao. Tulibaki wachache, na yeye akiwemo: kwao Shabunda, barabara imekufa, na tangu vita ianze hakuwa amepata hata neno moja. Lile sanduku lake lililotutisha sote, alipolifungua niliona nguo mbili tatu. Kadena (kufuli) ndiyo ilikuwa kubwa. Usiku akauliza kutoka juu: "Mapacha wanaendeleaje?" Nilitaka kumtupia kiatu. Nikamjibu mmoja ana surua.

Kuanzia hapo tuliwalea sisi wawili. Tuliwasomesha, tukawagombanisha, mmoja tukamfanya rubani wa kuruka juu ya vita na kutuletea samaki, maana maharagi yalikuwa yametuchosha. Huyo akawa rafiki yangu mpaka kifo. Kuomba msamaha hakuomba, nami sikudai.

Sasa watoto wanangoja. Niandike nusu gani?

Mama Furaha, Bagira

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Andika zote mbili. Ukiandika urafiki peke yake, mtu atauliza mlianzaje, na hapo utaanza kutunga.

Mtu wa Kenya, Lubumbashi (Kenya ya huku kwetu, msiniulize Nairobi)

Mimi nakataa. Matanga ni ya wafiwa. Mjane amekaa pale na wakwe zake, wewe unasimama kusoma kwamba mume wake alitisha mtoto kwa basoda? Basoda wale walikuwa wanaua watu kweli. Waambie watoto faraghani, miezi ikipita.

Yaya wa Nguba

Nilikuwa internati ya wasichana 1996. Usiku Askofu Mkuu Munzihirwa alipouawa pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba, risasi zilikuwa zinalia kila upande. Wadogo tulikuwa tumeingia chini ya vitanda. Msichana mmoja wa mwaka wa sita akatuvuta miguu, mmoja mmoja, akaingia yeye na wenzake. Leo ni mama wa heshima, tunasalimiana kanisani, ananiuliza habari za watoto. Siku akiondoka nitachangia sanda na nitanyamaza, kwa sababu mimi baada ya usiku ule sina kingine cha kusema juu yake. Wewe unacho. Usimsikilize huyo wa Lubumbashi.

Mtu wa Kenya, Lubumbashi

Yaya, kwa heshima yote, sikusema anyamaze. Nimesema asisome mbele ya wakwe.

BidoNjano, Kadutu

Asanteni wote. Nimempigia binti mkubwa jana jioni. Nilitaka kumpima kwanza, nikamuuliza kama baba yake aliwahi kuwasimulia habari za internati. Akasema hapana, shule hakuitaja, ila alikuwa akiwasimulia usiku habari za mapacha wa Lubumbashi, wajomba zao, mmoja rubani. Wamekua wanajua ni ndugu zangu. Akaniomba namba zao za simu. Familia inataka kuwaalika.

Mama Furaha, Bagira

Uuu! Basi hapo hakuna tena cha kuomba ushauri. Mpigie leo kabla hawajachapisha programu, wasije wakawaandikia wajomba viti vya mbele.

Mtu wa Kenya, Lubumbashi

Nimeshindwa. Msomee hata mjane.