Spana ya toki kwa Probox: nusu inchi, inchi 3/8 au ya mshale?

Mwenye Probox, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Marereni, na stadi moja ya gurudumu la nyuma, yaani bolti inayofungwa nati ya gurudumu, ikakatika njiani. Kijana aliyeniziba pancha siku chache kabla ya hapo alikuwa amezikaza nati kwa kupanda juu ya mpini wa spana na kuurukia kwa uzito wake wote. Tangu siku hiyo nimeazimia kuvua na kufunga magurudumu mwenyewe, kubadilisha oili na plagi nyumbani, na kila ninachokikaza nikikaze kwa kipimo, ndiyo maana natafuta spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia.

Nina shilingi 6,000. Madukani nimeonyeshwa aina tatu. Kuna ya kulia «tik» ukifikia kipimo ulichokiweka, yenye kichwa cha nusu inchi, inayopima Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 28 hadi 210. Kuna ya aina hiyo hiyo yenye kichwa cha inchi 3/8, inayopima Nm 19 hadi 110. Na kuna ile ya zamani ya mshale, ambayo fimbo yake hupinda kidogo unapovuta na mshale ukaonyesha namba. Injini ni 1NZ-FE, nati za magurudumu zinataka Nm 103 na bolti ya kumwagia oili inataka takriban Nm 37. Ikiwa nitanunua moja tu, nichukue ipi?

Fundi wa gereji, Watamu

Waaleikum salaam ndugu yangu. Chukua ya nusu inchi. Najua ukitazama namba utaona kwamba ya 3/8 inazifikia kazi zako zote, maana 37 na 103 zote zimo kati ya 19 na 110, lakini spana haichaguliwi kwa namba peke yake. Kwenye spana niliyo nayo ya nusu inchi, kutoka kichwani hadi katikati ya mshiko ni sentimita 42, kwa hiyo Nm 103 huzipata kwa kuvuta kama kilo 25. Ya 3/8 niliyo nayo ina sentimita 33, na hapo utavuta karibu kilo 32 kwa kila nati, nati kumi na sita, ukiwa umechutama. Mtu akichoka huanza kuvuta kwa kushtua, na ukishtua utapita kipimo kabla hujaisikia tik. Tena soketi yako ya 21 huenda ni ya nusu inchi, na ukitumia ya 3/8 itakubidi ununue adapta.

Jambo moja ulitazame kwa makini kabla ya kulipa. Spana nyingi zina mizani mbili, upande mmoja Nm na upande mwingine pauni-futi. Ukiweka 103 kwenye upande wa pauni-futi utakuwa umekaza karibu Nm 140, na stadi zitavutika kama zilivyovutwa na yule kijana.

Nahodha, Lamu

Mabwana, kisiwani kwetu hatuna magari ya kutengeneza, lakini injini za boti zina bolti vilevile, na hasara niliyoipata ningependa isimfike mwingine. Nilinunua ya nusu inchi kama hiyo anayoisifu fundi. Siku ya kubadilisha plagi niliizungusha hadi chini ya namba yake ya mwisho, nikadhani nimepata Nm 20, nikaanza kukaza nikisubiri tik. Tik haikulia. Nilisikia mpini umekuwa laini mkononi, kama unayekoroga uji, na hapo nikajua hesi za tundu la plagi, ambazo ni za aluminiamu, zimekwisha. Spana hizi hazifai kuaminiwa chini ya sehemu ya tano ya ukomo wake, maana yake ya 210 isitumiwe kwa chochote kilicho chini ya Nm 42.

Kwa sababu hiyo mimi ni mtu wa mshale. Haina springi ya kuchoka wala tundu la kuingiza chumvi. Ile yangu ya tik niliiacha botini msimu mmoja wa kusi, na niliporudi pete ya kurekebishia ilikuwa imeshikwa na unga mweupe, haikugeuka hata kwa koleo. Ya mshale hufutwa kwa kitambaa chenye oili ya cherahani, ukaitazama sindano kama inasimama kwenye sifuri, basi.

Fundi wa gereji, Watamu

Nahodha amesema kweli kuhusu plagi, nami nakubali kwamba bolti ya oili ya Nm 37 pia inaangukia nje ya sehemu ninayoiamini. Hata hivyo, ya mshale inataka jicho liwe sawasawa juu ya namba, na kwenye gurudumu la Probox utalazimika kulala ubavu ili uisome. Ukiisoma kwa upande, namba hudanganya.

Plagi mpya yenye washa, yaani pete yake ya kubanwa, haihitaji spana ya bei. Ikaze kwa vidole mpaka ikae, injini ikiwa baridi, kisha izungushe kwa soketi nusu duru hadi thuluthi mbili za duru, ambapo washa huwa imekwisha kubanwa.

Mwalimu wa fizikia, Malindi

Naomba kuongeza mambo mawili ambayo hayahusu aina ya spana, lakini yanaweza kuiharibu kazi ya spana yoyote.

La kwanza ni oili kwenye hesi. Katika nguvu unayoitia, takriban sehemu tisa kwa kumi huliwa na msuguano, na sehemu moja tu ndiyo inayoivuta bolti na kuibana. Ukipaka stadi oili unapunguza msuguano, na Nm 103 zile zile zitaivuta stadi kupita kiasi. Zisugue kwa brashi ya waya, uzifunge kavu.

La pili ni namna ya kuijaribu spana ya bei nafuu. Kiwango cha ISO 6789 kinairuhusu spana ya tik ya ukubwa huu ikosee kwa asilimia 4, juu au chini. Bana kichwa chake kwenye jiliwa, mpini ulale sawa na ardhi, kisha funga kamba katikati ya mshiko na uning'inize mtungi wa lita 20 uliojaa maji ya kunywa. Maji ni kilo 20 na mtungi mtupu ni kama kilo moja. Kwa sentimita 42 za fundi, kilo 21 zinatoa Nm 86.5, na uzito wa spana yenyewe unaongeza kama 3, jumla karibu 89. Ukiiweka kwenye 85 inapaswa kulia, na ukiiweka kwenye 93 inapaswa kunyamaza. Ushushe mtungi taratibu, usiuachie ghafla.

Mwenye Probox, Malindi

Nawashukuru nyote. Nimenunua ya nusu inchi, na bolti ya oili nitaikaza kwa ya mshale ya jirani yangu, ambaye amekubali kuniazima kila ninapobadilisha oili. Hiyo ya nusu inchi nimeijaribu kwa mtungi kama alivyoelekeza mwalimu, kwa kuwa mshiko wangu nao uko kwenye sentimita 42. Ililia kwenye 85, ikalia kwenye 87, na kwenye 92 ikanyamaza kabisa hata mtungi ulipotulia. Je, niiweke vipi isije ikapatwa na yaliyoipata ya nahodha?

Nahodha, Lamu

Irudishe kwenye namba yake ya chini kila umalizapo, lakini usiipitishe hapo. Iweke ndani ya nyumba, kwenye boksi lake, na usiitumie kulegezea nati hata siku moja.

Mwenye Probox, Malindi

Nimeelewa, nahodha. Nilifunga magurudumu yote manne kwa Nm 103, nikaenda Mombasa na kurudi, kisha nikazipitia nati zote tena. Zote kumi na sita zililia tik kabla ya kusogea.