Anayeanza kurasa za wavuti: aandike HTML kwa mkono au apewe WordPress?

FundiMakadara: Mafunzo mengi ya vijana siku hizi yaanza na WordPress, programu ya kujengea tovuti bila kuandika msimbo: chagua sura, buruta, achia, kwisha. Mimi nasema anayeanza aandike HTML, lugha ya alama inayoupa ukurasa umbo, kwa mkono wiki mbili kwanza. Faili moja, index.html: kichwa, aya tatu, orodha, kiungo, picha. Siku ya tano aongeze CSS, lugha ya rangi na mpangilio, kwenye faili yake mbali. Akishajua tagi (alama kama <p>) ipi hufungwa na ipi haifungwi, WordPress itakuwa mteremko. Mwaonaje?

Likoni_Feri: Muuza samaki wa Kongowea ataka bei, saa za kufungua na namba ya simu zionekane. Wiki mbili za nini? Mbao hapangi mwenyewe, anunua meza.

FundiMakadara: Meza hiyo ya WordPress ina plagini 20, programu ndogo za nyongeza. Asipozisasisha ataingiliwa, kisha ukurasa waanza kutangaza kamari. HTML tupu yenye bei na namba haifiki kilobaiti 10, wala haina hifadhidata ya kuvunjwa.

Likoni_Feri: Na hao vijana wasio na kompyuta? Au HTML ni ya watoto wa Nyali, mtaa wa matajiri?

Mvita77: Asiye na kompyuta asubiri. Kujenga ukurasa kwa simu ni kama kupika biriani kwa jiko la makaa. Itaiva, lakini usialike watu.

BintiKibokoni: Hebu simama hapo hapo. Makaa yamekukosea nini? Masala ya biriani yataka moto wa taratibu, na wali wapaliwa makaa juu ya kifuniko. Gesi itapalia nini?

Mvita77: Bibi wee, ni mfano tu.

BintiKibokoni: Mfano wenyewe ni kiungo kilichokatika. Wabonyeza, hufiki popote.

ShughuliTu: Kwa simu yawezekana, ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kibodi: hubadilisha alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na kivinjari hakizihesabu kuwa nukuu. Rangi haiji, picha haiji, na kwa macho msimbo waonekana sawa. Zima masahihisho ya kibodi kabla ya kuanza. Wa pili: ukilifungua faili kutoka kwenye programu ya mafaili ya Android, anwani huanza na content://, na picha iliyo folda moja nalo yaweza isionekane. Tumia kihariri chenye onyesho lake chenyewe.

Mvita77: Si ndiyo nilivyosema? Usumbufu mtupu.

BintiKibokoni: Na kompyuta yako haina mitego? Windows huficha mkia wa jina la faili, kama .html au .txt. Notepad yahifadhi index.html.txt, mwanafunzi yuwaona maandishi ya tagi badala ya ukurasa, asubuhi nzima imekwenda. Akipona hapo, aandika njia ya picha inayoanza na C:\Users. Kwake yafunguka, akipandisha kwenye seva, kompyuta inayouweka ukurasa mtandaoni, picha imekufa. Akirekebisha hilo, faili laitwa Samaki.JPG na yeye kaandika samaki.jpg. Windows humsamehe, seva ya Linux haimsamehe. Gesi hiyo.

FundiMakadara: Na haya yote hayajui aliyeanza na WordPress. Ndiyo hoja yangu tangu juu.

Likoni_Feri: Hayajui kwa sababu hayamsumbui! Tena WordPress si kitu cha jana, ipo tangu 2005 kama sikosei.

ShughuliTu: 2003. CSS ni 1996. Ukurasa wa kwanza wa Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ulifunguliwa kwa umma 1991.

Likoni_Feri: Naye aliwaandikia wanafizikia, hakuwa na kilo ya samaki changu ya kuuza.

Mvita77: Hata hivyo hao wa simu hutoa kurasa ambazo simu yenyewe haiwezi kuzisoma. Maandishi kama chawa.

ShughuliTu: Hilo ni la mstari uliosahauliwa, si la simu. Bila tagi ya meta ya viewport yenye width=device-width, inayouambia ukurasa ufuate upana wa simu, simu nyingi huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha huubana. Weka mstari huo ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya faili, halafu kwenye CSS ipe picha max-width ya asilimia 100. Na picha ipunguzwe kabla haijapandishwa: ya kamera ina pikseli 4000 na megabaiti tatu au zaidi, ishushe mpaka pikseli 1200 kwa upana, chini ya kilobaiti 200. Kuandika width="300" kwenye tagi hakupunguzi kitu. Mteja bado alipia bando la picha nzima.

Likoni_Feri: Haya, na kitufe cha WhatsApp? Namba kuanzia sifuri, wa.me/07 na zinazofuata, kwa nini hakifunguki?

ShughuliTu: Toa sifuri, toa alama ya kujumlisha, usiache nafasi: wa.me/2547 kisha tarakimu nane zilizobaki. Kiungo cha kupiga simu ndicho huanza na tel:+254.

FundiMakadara: Na hicho kitufe, Likoni, wakiandika wapi? Ndani ya href, sehemu ya tagi inayobeba anwani ya kiungo. HTML hiyo.

Likoni_Feri: Mstari mmoja, si wiki mbili.

BintiKibokoni: Mvita hajajibu. Gesi itapalia nini?

Mvita77: Oveni.

BintiKibokoni: Lo!