Naombeni ushauri: kufunga keria ya mizigo kwenye Caterham Seven niliyoiunganisha mwenyewe

MtangaCoventry

Wakuu, heshima kwenu. Mlioko huku Uingereza na mlioko nyumbani mnaokijua chuma, naombeni mawazo.

Nina Caterham Seven, ile ya bodi nyembamba (Series 3). Niliinunua ikiwa vipande ndani ya maboksi, nikaiunganisha hapa gereji kwangu Coventry. Imeshapita ukaguzi wa IVA, ule wa serikali kwa gari la kujiunganishia kabla halijaingia barabarani, ina namba, ina bima, na inatembea vizuri mno. Kwa wasioijua, huyu ni mtoto wa Lotus Seven aliyoibuni Colin Chapman mwaka 1957. Caterham walichukua haki za kuitengeneza mwaka 1973, na mpaka leo unaweza kuinunua ikiwa vipande ukaifunga mwenyewe. Fremu ni mabomba ya chuma, juu yake bati jembamba la alumini lililopigwa ribiti. Viti viwili, paa ni turubai, na gari zima lina kilo mia tano na ushee. Naipenda gari hii kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki chenye magurudumu.

Tatizo ni mizigo. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Scotland kuzunguka North Coast 500, ile njia ya maili 516 inayoanzia Inverness na kurudi hapo hapo. Tutalala njiani, na mvua ya kule haina msimu. Buti la Seven ni kishimo nyuma ya viti, na turubai pamoja na fito zake likikaa humo, kinachobaki ni nafasi ya viatu na koti moja.

Nimefikiria kuchomelea keria ndogo ya nyuma. Wazo langu ni miguu minne ishike kwenye lile bati la nyuma, kwa ndani niweke vipande vya bati nene ili bolti zisipenye. Maswali yangu: hiyo miguu ikae wapi hasa, nitumie bomba gani, na nipakie kilo ngapi bila kuharibu gari?

Tairi la akiba kwa sasa limening'inia nyuma kwenye kishikio chake cha kawaida.

FundiWaArusha

Mkuu, hongera kwa kazi. Gari hilo sijawahi kuligusa, lakini keria za magari ya watalii nimezichomelea miaka mingi, na keria kwenye barabara zetu za mbugani hupata mtihani wa kweli. Kwa hiyo nitakuambia ninachokijua.

Keria haifi kwa uzito. Inakufa kwa mtikisiko. Ukiipakia kilo 40 gari likiwa limesimama, inaweza kukaa hivyo hadi wajukuu wako waikute. Ipitishe kwenye barabara yenye mawimbi, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, na ufa utaanzia pale pale unapoishia mchomeleo, kwa sababu chuma cha pale kimebadilika kwa moto. Au utaanzia kwenye tundu la bolti.

Sasa wewe unataka kushikilia miguu kwenye bati la alumini. Nakukataza kabisa. Hata uweke kipande kinene kwa ndani, utakachofanya ni kuuhamisha ufa kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni mwa hicho kipande. Bati hilo kazi yake ni kuziba upepo na maji. Tafuta mabomba ya fremu, au mahali ambapo kiwanda chenyewe kilishaweka nati ya kubebea kitu kizito. Huko ndiko keria inakoshika.

Na kwenye pembe weka vipande vya pembetatu vya kuimarisha. Usimalize mchomeleo kwenye kona kali, uzungushe uishie sehemu ambayo haifanyi kazi kubwa.

PwaniYorkshire

Fundi kasema kweli tupu. Mimi ninayo Seven, na jibu la "wapi" unalo tayari mkononi: kile kishikio cha tairi la akiba.

Fikiria kidogo. Rimu na tairi lake ni kama kilo 15. Waliobuni gari waliamua kwamba mzigo huo utaning'inia nyuma kabisa, siku zote, kwenye mashimo na kwenye mwendo wa kasi, na wakaweka bolti zinazoingia kwenye chesisi kwa ajili hiyo. Ukiondoa tairi na kishikio, ukafunga keria kwenye bolti zile zile, ukapakia mzigo usiozidi uzito wa tairi uliloliondoa, gari haliombwi kufanya kazi mpya. Hutoboi kitu, na ukichoka na keria unarudisha tairi jioni moja.

Kutoboa ndiko kunakonitia hofu zaidi. Tangi la petroli la Seven liko nyuma huko huko, chini ya kibao cha sakafu ya buti. Mtu anayeingiza keekee kupitia bati la nyuma bila kutoa kibao na kutazama kilichopo upande wa pili anacheza na maisha yake. Tafadhali sana.

Mengine ya kuangalia kabla hujakata bomba hata moja:

Vifungo vya kubonyeza vya turubai na vya kifuniko cha buti. Keria isivifunike, la sivyo mvua itakapoanza itabidi ushushe mizigo yote ndipo ufunge paa. Jaribu keria ya mbao au ya mabomba ya plastiki kwanza, pandisha turubai, shusha, pandisha tena.

Mdomo wa kujazia petroli. Bunduki ya kituoni iingie bila kuinama.

Pleti namba. Huku ikizibwa faini inafika hadi pauni 1,000, na usiku lazima taa yake iimulike. Begi likilala chini likaficha hata herufi moja, ni kosa. Vivyo hivyo taa za breki, ikiwemo ile ya katikati kama unayo, na indiketa.

MtangaCoventry

Nashukuru sana. Hilo la uzito wa tairi limenifungua macho, sikuwa nimelitazama hivyo. Basi wazo la bati nalifuta leo.

Lakini nikiacha tairi nyumbani, pancha itanikuta wapi? Kule kaskazini kuna sehemu simu haishiki mtandao kabisa. Na je, nisiongeze mikono miwili ya juu ikashika kwenye ule upinde wa usalama nyuma ya vichwa? Naona ungeshikilia vizuri.

InjiniaWaNakuru

Habari zenu wote. Mimi ni mhandisi wa mitambo, niko Nairobi, na swali la mikono ya juu ndilo la maana kuliko yote hapa. Wacha tupige hesabu ndogo.

Chukua mzigo wa kilo 15. Gari likigonga shimo, kwa nukta moja mzigo unaweza kuvuta kama una uzito mara tatu, yaani kilo 45. Tuseme katikati ya begi ni sentimita 25 nyuma ya mahali keria iliposhika. Begi linataka kuinamia nyuma na kwenda chini. Kinachozuia ni bolti za juu kuvuta na za chini kusukuma.

Kama bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 6 tu, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu ya kilo 187 hivi. Zikiachana sentimita 30, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 37 au 38, tena inagawanyika kulia na kushoto. Mzigo ni ule ule, shimo ni lile lile. Tofauti ni umbali wa kwenda juu kati ya mashiko. Kwa hivyo ndiyo, mikono ya juu inasaidia sana, na ndiyo itakayofanya mabomba yenyewe yaweze kuwa membamba.

Kuhusu upinde wa usalama: usiutoboe, usiuchomelee. Kazi yake ni kuokoa vichwa vyenu gari likipinduka, na tundu moja au mchomeleo mmoja unaudhoofisha mahali usipopaona. Tumia klempu ya nusu mbili inayozunguka bomba, na mpira katikati. Klempu ikae chini kabisa ya upinde, karibu na unapofungwa kwenye chesisi, wala si juu.

Usawa wa gari pia nimeutazama. Umbali kati ya ekseli mbili za Series 3 ni kama mita 2.2. Kilo 15 zikikaa nusu mita na kidogo nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele inapungukiwa na kilo kama 4, nyuma inaongezeka karibu 19. Hilo gari litalibeba. Ukipakia kilo 40 usukani utaanza kuwa mwepesi, na kwa gari linalosifiwa kwa usukani wake hiyo ni hasara ya kweli. Ongeza upepo wa tairi za nyuma kidogo, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza ukiwa na abiria na mzigo.

Bomba: chuma cha kawaida cha milimita 19, unene 1.6. Mita moja ina uzito wa gramu 690 hivi, na keria yako haitazidi mita nne na nusu, kwa hiyo ni kama kilo 3. Hizo nazo zihesabu ndani ya zile 15. Alumini ni nyepesi zaidi, lakini kwa mtikisiko na mchomeleo wa mikono sikushauri.

FundiWaArusha

Dada Injinia umeeleza vizuri sana. Naongezea la bolti: M8 (unene wa milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8, nati zenye nailoni ndani ili zisilegee, na washa pana. Kaza kwa spana ya kupima nguvu, kama Nm 25 inatosha kwa saizi hiyo zikishika chuma kwa chuma. Pale penye mpira usifikishe huko. Tembea kilomita chache, kisha zikague zote tena. Bolti mpya kwenye rangi mpya hulegea kwa sababu rangi inabanwa na kuwa nyembamba. Kwa hiyo kwangua rangi pale chuma kinapokutana na chuma.

BiZuhuraGlasgow

Mimi si fundi, lakini njia mnayoiendea naijua, nimeipita na mume wangu kwa gari la wazi.

Kwanza, mkipita Bealach na Bà, ile barabara ya Applecross inayopanda hadi mita 626, ni njia nyembamba ya gari moja yenye sehemu za kupishana, na miinuko yake inafika asilimia 20. Mtakuwa mnarudi nyuma mara nyingi kupisha wengine. Begi likiwa refu kupita usawa wa mabega yenu, kioo cha ndani hakioni kitu. Laza begi, lisisimame.

Pili, barabarani kuna vile vizuizi vya mifugo vya mabomba ya chuma yaliyolazwa. Gari la springi ngumu kama la kwenu litatetemeka kila mkivuka. Ndio mtikisiko anaousema Fundi.

Tatu, acha kamba za mpira zenye ndoano. Mpira unavutika, begi linaanza kucheza, na ndoano ikifyatuka inaelekea usoni. Chukua mikanda ya kufunga kwa bizimu, miwili ya kukata mbele na nyuma, mmoja wa kupita katikati. Ncha zinazobaki zifungeni, zisipepee. Begi liwe lile la waendesha mitumbwi, mdomo unakunjwa mara tatu na kubanwa. Maji yanayorushwa na tairi za nyuma ni mengi kuliko yanayotoka juu.

Pancha: wengi hubeba dawa ya kuziba na pampu ndogo ya umeme wa gari. Inaziba tundu la msumari, haizibi tairi lililochanika ubavuni. Kwa hiyo mwe na bima ya kuvutwa. Na vitu vizito kama pampu, spana na maji viwekeni ndani ya buti au miguuni mwa abiria, si kwenye keria. Keria ibebe nguo.

PwaniYorkshire

Bi Zuhura umemaliza. Mambo mawili tu yalibaki.

Bima: wapigie uwaambie unaongeza keria, na uombe jibu la maandishi. Mara nyingi hawaongezi hata senti, lakini gari la kujiunganishia likipata ajali kila kitu kisichoandikwa hutafutwa.

Kingo: ukaguzi wa IVA ulikutaka vitu vya nje viwe na ukingo wa mviringo wa angalau milimita 2.5. Umeshapita, hakuna atakayekurudisha, lakini fuata kipimo hicho hicho. Ziba ncha za mabomba kwa vifuniko vya kuchomelea, zisiwe wazi. Mtoto akilikimbilia gari sokoni, keria iko sawa na uso wake.

Na kama utatumia bolti za stenlesi karibu na alumini, weka washa za nailoni. Huku barabara humwagwa chumvi majira ya baridi, na chumvi ikikutana na metali hizo mbili, alumini ndiyo inayoliwa.

MtangaCoventry

Wakuu, Mungu awabariki. Nimetoa tairi la akiba, nimelipima pamoja na kishikio chake: kilo 17. Huo ndio utakuwa ukomo wangu, keria na begi kwa pamoja.

Mpango: miguu ya chini kwenye bolti za kishikio cha tairi, mikono miwili ya juu kwa klempu zenye mpira chini ya upinde, umbali wa kwenda juu kati ya mashiko ya chini na ya juu sentimita 28. Bomba la 19. Kwanza natengeneza ya mabomba ya plastiki, napandisha turubai nikiwa nayo.

Injinia, swali moja la mwisho: ile mikono ya juu, niichomelee moja kwa moja kwenye keria au niifunge kwa bolti ili iweze kurekebishika?

InjiniaWaNakuru

Bolti. Upinde na chesisi haviko sawa kwa milimita kwenye gari lililofungwa kwa mkono, na ukichomelea kabla ya kufunga, keria itakuwa imejikaza hata kabla hujapakia kitu. Toboa tundu refu kidogo upande wa keria, funga miguu ya chini kwanza, kisha juu, kisha kaza. Tuma picha ya klempu kabla hujapaka rangi.