Jibu lisiloelezeka: tulitumie au tulikatae?

Mwasha Mada: Wakuu, siku hizi kompyuta inaachiwa ibuni yenyewe kwa kuiga mageuko ya viumbe. Inazalisha majibu ya kubahatisha, inayapima, dhaifu yanatupwa, bora yanachanganywa na kubadilishwa kidogo, kisha kizazi kipya kinapimwa tena. NASA walipata antena kwa njia hiyo, ikaruka mwaka 2006 na setilaiti ndogo za ST5. Ni waya uliopindapinda ovyo, hakuna mhandisi ambaye angeuchora, na ulifanya kazi. Msimamo wangu: jibu likifaulu majaribio, litumike hata kama hatujui kwa nini limefaa. Nani anapinga?

Kijiti: Mimi. Majaribio yapi? Miaka ya 1990 Adrian Thompson wa Chuo Kikuu cha Sussex aliacha saketi ijizalishe kwa mageuko hayohayo ndani ya chipu, itofautishe mawimbi ya kilohezi 1 na kilohezi 10. Ikaweza. Kuichunguza, zikakutwa sehemu ambazo hazijaunganishwa kabisa na njia ya kutolea jibu, ila ukizizuia saketi inavurugika! Halijoto nayo ikibadilika sana, inakosea. Huo ni ugunduzi gani?

Mwasha Mada: Aliyetunga mtihani ndiye aliyesahau halijoto. Kompyuta ilijibu ilichoulizwa.

Kijiti: Na wewe utajuaje umesahau nini, kama jibu lenyewe hulielewi?

Bi Hesabu: Mnachanganya mambo mawili. Mwaka 2025 AlphaEvolve, programu ya akili bandia ya Google DeepMind inayobuni kwa mageuko hayohayo, ilipata njia ya kuzidisha matriksi (majedwali ya namba) za 4 kwa 4 zenye namba changamano kwa hatua 48 za kuzidisha. Njia ya mwanahisabati Strassen ya 1969 hutumia 49. Hapo sijali jibu limetoka wapi, maana yeyote mwenye subira analihakiki kwa kalamu. Saketi ya Sussex haina uhakiki wa namna hiyo. Ina majaribio tu. Penye uthibitisho, karibuni. Penye majaribio matupu, aliyeleta jibu aseme pia ni nini hakukipima.

Mwasha Mada: Hilo la mwisho nalipokea. Ila dawa nyingi zilitumika miaka mingi kabla ya kujulikana zinafanyaje kazi, na hatukuzikataa.

Kijiti: Zilipimwa kwa watu, si kwa kompyuta pekee. Lete mfano mwingine.