Paa la Soko Kuu la Kariakoo: wanafunzi wa ujenzi waanze kutazama nini?

Mwenyeji_wa_Ilala: Wakuu, heshima kwenu. Kuna wanafunzi wa ujenzi wanakuja Dar, wana nusu siku tu ya Kariakoo. Wanataka kulielewa lile paa la Soko Kuu na asili ya jina. Baadaye watanunua nguo kidogo. Waanzie wapi?

Nondo12: Wasimame kwanza nje watazame juu, maana ukiingia macho yanavutwa na bidhaa. Kila kipande cha paa ni mwavuli wa zege uliopinduliwa, umekaa juu ya nguzo yake. Ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere alilifungua soko Desemba 1975. Ni soko la chini ya miti, ila miti yenyewe ni ya zege: kivuli juu, upepo ukipita katikati.

Zege jembamba likipindwa vile hukakamaa bila kuongezewa unene, ndiyo maana sakafu haikujaa nguzo. Mianya kati ya miavuli hutoa joto na kuingiza mwanga. Vizimba vikijengwa hadi juu vikaiziba, hewa inalala na mboga zinaoza mapema.

Mvua nayo imepangiwa njia. Maji hukusanyika katikati ya mwavuli, hushuka kwenye nguzo hadi matangi ya chini. Hapo ndipo penye udhaifu: mdomo wa bomba ukizibwa na majani au mifuko, juu panakuwa bwawa, na kila mita moja ya ujazo ni tani nzima. Unyevu ukifikia nondo, zinashika kutu, zinavimba na kulipasua zege. Midomo isafishwe kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Kazi ndogo, lakini ndiyo uhai wa paa.

Mwenyeji_wa_Ilala: Shukrani mkuu. Na ule moto uliounguza soko?

Nondo12: Ulikuwa usiku wa 10 Julai 2021. Wafundishe jambo moja: zege likipita takriban nyuzi 300 za Selsiasi mara nyingi hugeuka rangi ya waridi, na nguvu yake huanza kupungua. Baada ya moto wowote, fundi makini hachoki kutafuta rangi hiyo kabla ya kupiga plasta.

Bibi_Msimbazi: Kuhusu jina: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916 wakakiweka kikosi hapo. Eneo likawa soko mwaka 1923. Kariokor ya Nairobi ina asili hiyohiyo. Msiwaache watoto waondoke na jina tupu. Wapagazi wale walibeba chakula na risasi za vita visivyo vyao, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa.

Jumla_Rejareja: Wapande mwendokasi ya Gerezani, washuke Msimbazi Polisi. Nguo ni mtaa wa Kongo, simu ni Aggrey. Kabla ya kuuliza bei waulize, "Jumla inaanzia pisi ngapi?" Wakichanga pamoja wakafikisha idadi hiyo, bei inashuka kwa wote. Wadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, wakague kiasi kilichoandikwa palepale dukani. Kikiwa pungufu, mzigo unaweza kuzuiwa njiani.