Nafuturu wapi kwenye chuo cha kanisa?

Habari za jioni, ndugu zangu. Nasoma chuo cha kanisa hapa Mwanza, mimi Mwislamu. Kantini inafungwa saa 12 jioni, jua linazama karibu saa 12:50. Jana nimefuturu tende tatu na maji, nimekaa kwenye ngazi za bweni. Sitaki upendeleo, nataka uji wa moto tu. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, ongozana na Wakristo wawili. Sisi tulifanya hivyo, mama wa kantini akawa anatuachia uji kwenye chupa ya chai. Ibara ya 19 ya Katiba, ya uhuru wa dini, inakulinda, ila usianze nayo.

JIBU: Mimi Msabato, mitihani ya Jumamosi ilinitesa. Andika barua mapema.

MUULIZAJI: Asanteni. Mwenzangu wa chumbani, Mkatoliki, kakubali twende wote kesho.